Kumleta Nyumbani Kulungu au Elki kwa Gari Dogo: Buti, Keria, Kichanja cha Nyuma au Tela?

Maelekezo mengi ya uwindaji katika majimbo ya Idaho na Montana, magharibi mwa Marekani, huandikwa kana kwamba kila mwindaji ana pikapu, na yakifika kwenye suala la kumtoa mnyama porini husema tu kwamba apakiwe nyuma na safari ianze. Wawindaji wengi wanaozungumza Kiswahili hawana gari la namna hiyo. Boise, Twin Falls na Missoula ni miji yenye familia nyingi zilizotoka Kongo na nchi jirani za Maziwa Makuu, na gari linaloegeshwa mbele ya nyumba zao mara nyingi ni sedani ndogo au gari la milango mitano, lililonunuliwa kwa ajili ya kwenda kazini na kupeleka watoto shule. Mwenye gari hilo akishapata leseni na tagi yake, yaani kibali cha kumwangusha mnyama mmoja, bado ana swali moja ambalo muuzaji wa tagi hamuulizi: nyama itafikaje nyumbani?

Makala haya yanalinganisha njia nne za kuibeba kwa gari la aina hiyo, pamoja na ya tano ambayo watu huisahau. Yameandikwa kwa mtu anayetaka kuchagua kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu mwindaji akisubiri mpaka mnyama ameshaanguka na jua linazama, hatakuwa na cha kuchagua. Atafanya lile linalowezekana kwa kamba na turubai alilonalo.

Kibandiko cha mlangoni

Kabla ya kulinganisha chochote, fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilicho kwenye nguzo yake. Magari yanayouzwa Marekani huwa na kibandiko hicho, nacho hutaja uzito wa jumla wa watu na mizigo ambao haupaswi kupitwa. Katika sedani ndogo nyingi, Toyota Corolla ikiwamo, kiwango hicho ni kama kilo 385, yaani pauni 850. Kinaonekana kikubwa mpaka uanze kutoa. Watu wazima wawili waliovaa nguo nzito na viatu vya mlimani huchukua kilo 170 au zaidi; hema, magodoro, jiko, maji, bunduki na vyakula hufika kilo 60 bila mtu kujitahidi. Zinabaki kilo kama 155, na humo ndimo lazima viingie nyama, barafu na makasha yake. Wakiwa watu wanne, hesabu imekwisha kabla ya risasi ya kwanza kupigwa.

Kwa upande wa mnyama, kulungu dume aliyekomaa, awe wa mkia mweupe au wa milimani mwenye masikio makubwa, huwa na kilo 70 hadi 110 akiwa hai. Matumbo yakishatolewa hupungua kwa karibu robo, na akishatolewa mifupa yote hubaki kilo 25 hadi 40 za nyama tupu. Elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ni kiumbe kingine kabisa. Jike ana kilo 200 hadi 250, dume mzima kilo 300 hadi 350, na hata mtu akiacha porini kichwa, matumbo na uti wa mgongo, mapaja na mikono ya dume pamoja na nyama nyingine vinaweza kufika kilo 130 hadi 160 vikiwa na mifupa. Nyama yake isiyo na mfupa, ambayo wachinjaji wa kwetu huiita steki, ni kilo 80 hadi 110. Ukiweka tarakimu hizi kando ya zile kilo 155 za kibandiko, utaona kwamba gari dogo lenye watu wawili linaweza kumbeba elki dume aliyefanywa steki, pamoja na barafu yake, kwa kubanabana. Akiwa na mifupa yake, haliwezi.

Kwa hiyo chaguo la mahali pa kuweka mzigo ni la pili. La kwanza ni umbo ambalo nyama itakuwa nalo inapofika garini, na hilo ndilo linalostahili kufikiriwa kwa muda mrefu zaidi.

Mzima, vipande au steki

Kumchukua mnyama mzima, akiwa ametolewa matumbo tu, kunafikirika kwa kulungu pekee, na mvuto wake ni kwamba kazi ya porini huwa fupi. Ubaya wake huanza na joto. Ngozi ya kulungu wa Oktoba imeshaota manyoya ya majira ya baridi, nayo hushika joto la mwili kwa saa nyingi, hasa penye nyama nene karibu na kiungo cha paja na nyonga, ambapo uharibifu huanzia ndani bila kuonekana. Msimu wa bunduki kwa kulungu katika sehemu nyingi za Idaho hufunguliwa karibu tarehe 10 Oktoba, na siku hizo mabonde ya chini yanaweza kufika nyuzi 20 za Selsiasi mchana, ilhali bakteria huongezeka upesi katika joto lolote linalozidi nyuzi 4 au 5. Mnyama mwenye ngozi yake, aliyefungiwa ndani ya buti chini ya jua, hupoteza wakati ambao alipaswa kuutumia akipoa.

Kisha kuna sheria, ambayo miaka ya karibuni imeielemea zaidi njia hii. Ugonjwa wa kudhoofika wa jamii ya kulungu, unaosababishwa na protini zilizoharibika ziitwazo prioni, ulitambuliwa kwanza mwaka 1967 katika kituo cha utafiti huko Colorado. Ulithibitishwa kwa wanyama wa mwituni wa Montana mwaka 2017, na wa Idaho mwaka 2021. Hakuna binadamu anayejulikana kuambukizwa, lakini CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri kutokula nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao. Prioni hujilimbikiza zaidi kwenye ubongo, uti wa mgongo, macho, wengu na tezi za limfu, na hazifi kwa kupikwa. Ndiyo maana Idaho hairuhusu kuingiza mzoga mzima wa kulungu, elki au musi (aliye mkubwa kuliko wote wa jamii hiyo) kutoka jimbo lenye ugonjwa huo. Kinachopita ni nyama iliyotolewa mifupa, vipande visivyo na kichwa wala uti wa mgongo, ngozi isiyo na kichwa, na pembe zilizo kwenye kipande cha fuvu kilichosafishwa. Mtu anayetoka kuwinda Montana akavuka mpaka kwa barabara namba 12 kupitia Lolo Pass, huku kulungu mzima amelala kwenye viti vya nyuma, ameshavunja sheria hata kama leseni na tagi yake ni safi. Ndani ya Idaho kwenyewe kuna maeneo ambayo ugonjwa umepatikana, nayo yana masharti yake kuhusu kinachoruhusiwa kutoka, ambayo hubadilika mwaka hadi mwaka na huchapishwa katika kijitabu cha kanuni za msimu.

Njia ya vipande inaondoa karibu matatizo yote hayo, na inaweza kufanywa bila kufungua tumbo. Mnyama hulazwa ubavu, ngozi hupasuliwa kufuata mstari wa mgongo na kuvutwa chini kuelekea tumboni, kisha mkono wa mbele hukatwa kwa urahisi kwa kuwa haukushikwa na kiungo cha mfupa bali na misuli tu. Paja hufuata, kisu kikizunguka nyonga mpaka kiungo kiachie. Sarara huchunwa kwa urefu wote kando ya uti wa mgongo, nyama ya shingo na ya juu ya mbavu huvuliwa, kisha mnyama hugeuzwa na upande wa pili kufanyiwa vivyo hivyo. Fileti mbili za ndani hutolewa mwishoni, kwa kupenyeza mkono nyuma ya ubavu wa mwisho na kusukuma matumbo chini kidogo. Kila kipande huingizwa kwenye mfuko wake wa kitambaa unaopitisha hewa, wala si wa plastiki, ambao hushika joto na unyevu pamoja. Kinachobaki chini ni mifupa ya kiwiliwili, kichwa na matumbo. Sheria za kukataza kuacha nyama inayolika porini, ambazo Idaho na Montana zote zinazo, huangalia kwa makini kama kweli hicho ndicho kilichobaki.

Kufanya nyama yote kuwa steki ni hatua moja zaidi, na kwa gari dogo ndiyo hatua inayoamua. Mifupa ya mapaja na mikono ya elki dume hupoteza nafasi kuliko hata uzito: paja lenye mfupa halipindi, halikubali kona ya buti, na huzuia kasha kufungwa. Hata hivyo kuna sababu nzuri ya kutoharakisha. Misuli iliyotolewa mfupani kabla mwili haujakakamaa na kulegea tena hujikunja na kuwa migumu mdomoni, na vipande vidogo vina uso mkubwa zaidi wa kushika vumbi, majani na nywele. Utaratibu mzuri ni kuvibeba vipande na mifupa yake mpaka kambini, kuvitundika usiku mmoja kwenye kivuli penye baridi, kisha kutoa mifupa asubuhi juu ya meza safi kabla ya kupakia. Dubu nao wapo, hasa Montana, kwa hiyo pa kutundikia pawe mbali na hema na juu.

Masharti mawili ya kisheria yanafuata nyama hiyo mpaka nyumbani. Majimbo mengi, Idaho ikiwamo, yanataka kiungo kinachothibitisha jinsia ya mnyama kibaki kimeshikamana kwa asili na kipande cha nyama. Mtu anayetoa mifupa yote bila kukumbuka hilo hubaki na nyama nzuri isiyo na ushahidi. Tagi nayo, ikishatiwa alama inavyotakiwa, hufuatana na nyama. Vituo vya ukaguzi wa wanyamapori huwekwa kwenye barabara kuu wakati wa msimu, na huko Montana na Idaho mwindaji analazimika kusimama anapokikuta, kwa hiyo kipande chenye ushahidi wa jinsia na tagi kipakiwe mwisho, juu ya vingine, pasipohitaji gari zima kupakuliwa barabarani. Pale ambapo kichwa kinatakiwa kwa ajili ya kipimo, kifungwe kwenye mfuko wake mzito na kisiguse nyama.

Ndani ya gari

Wengi huiogopa njia hii kwa sababu ya damu na harufu, na huikimbilia keria ya juu ya paa. Kwa maoni yangu wanakimbia mahali pazuri kuliko pote. Ndani ya gari nyama haipati vumbi, chumvi ya barabarani wala jua; uzito hukaa chini na kati ya ekseli mbili, ambako gari lilitengenezewa kuubeba; na mlango ukifungwa hakuna kamba ya kulegea katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa.

Kinachotakiwa ni maandalizi yanayofanywa nyumbani. Kiti cha mtoto kinaachwa nyumbani, viti vya nyuma vinalazwa, na turubai linatandikwa kuanzia nyuma ya viti vya mbele hadi mdomo wa buti, kingo zake zikikunjwa kwenda juu pande zote kama sinia, na blanketi kuukuu likiwekwa juu yake la kunyonya maji. Sehemu inayosahauliwa ni shimo la spea. Zulia la buti halizuii kitu, na damu inayopita chini yake hutulia kwenye shimo hilo chini ya tairi, ambapo hakuna anayeiona mpaka majira ya joto yafike na gari liegeshwe juani. Anayetumia buti peke yake bila kulaza viti alitoe zulia kabisa na kutandika plastiki nene juu ya spea.

Kuhusu makasha ya barafu, ukubwa wa mlango una maana kuliko ukubwa wa kasha. Kasha la lita 100 na zaidi hupendeza dukani, lakini mara nyingi halipiti kwenye mlango wa nyuma wa sedani wala kwenye mdomo wa buti yake, na likijaa nyama watu wawili hulinyanyua kwa shida. Makasha ya lita 65 hadi 70 yanafaa zaidi: moja kwa kulungu aliyefanywa steki, mawili kwa elki jike, matatu kwa dume. Yale ya bei ghali yenye kuta nene hushika baridi kwa siku nyingi, lakini moja likiwa tupu linaweza kuzidi kilo 12, na matatu yake yanakula karibu robo ya zile kilo 155. Kwa safari ya saa mbili au tatu kutoka miji ya milimani ya Stanley au McCall hadi Boise, kasha la kawaida la kilo 5 au 6 linatosha kabisa, mradi nyama iliingia ikiwa imeshapoa. Chupa za maji zilizogandishwa ni bora kuliko barafu ya kumwaga, kwa kuwa hazilowanishi nyama, na zikiyeyuka ni maji ya kunywa. Barafu kavu ina hatari yake: inapopungua hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ndani ya gari lililofungwa inaweza kumlewesha dereva, hivyo anayeitumia lazima aache madirisha wazi kidogo njia nzima.

Makasha yapangwe karibu na migongo ya viti vya mbele, yafungwe kwa mikanda kwenye vyuma vya kufungia viti vya watoto, kwa sababu kasha la kilo 50 lisilofungwa haliendi popote mpaka breki ya ghafla. Kisha hita izimwe na watu wavae makoti. Safari ya namna hiyo si ya starehe, nami sioni sababu ya kuificha hali hiyo kwa mtu anayefikiria kuchukua abiria wa tatu.

Juu ya keria

Picha ya kulungu aliyefungwa juu ya paa la gari imezoeleka sana Marekani, na pengine ndiyo inayowafanya watu waamini kwamba hapo ndipo mahali pake. Kitabu cha mwenye gari husema vingine. Paa la gari dogo kwa kawaida huruhusiwa kilo 45 hadi 75 gari likiwa linatembea, na ndani yake unahesabiwa uzito wa keria yenyewe. Kulungu dume mkubwa aliyetolewa matumbo anaweza kuzipita kilo hizo peke yake. Uzito huo ukiwa juu, gari huyumba kwenye kona, na barabara namba 55 inayopanda kando ya mto Payette ina kona za kutosha na malori ya kutosha.

Kuna pia kazi ya kumpandisha, ambayo watu wawili waliochoka hufanya kwa kumkokota juu ya rangi ya gari. Damu ikichuruzika hufuata upepo. Hushuka kwenye kioo cha mbele, wiper huitandaza, na inayobaki hupenya kwenye mipira ya milango. Nyama iliyo wazi hukaushwa na upepo na kupakwa kila kinachorushwa na malori. Faida ya keria ni hewa baridi ya Novemba na gari lisilonuka, na kwa mtu mwenye kulungu mdogo, baridi kali na safari fupi isiyovuka mpaka wa jimbo, njia hii inawezekana, mnyama akiwa amefungwa ndani ya turubai kwa mikanda ya rachi isiyopungua minne, pembe zikiangalia nyuma.

Keria ina kazi nyingine inayoifaa zaidi, nayo ni kubeba vifaa. Hema, magodoro, viti vya kukunja na mifuko ya nguo ni vyepesi kwa ukubwa wake, haviharibiki kwa jua wala vumbi, na jumla yake huwa ndani ya kiwango cha paa. Vikipanda juu wakati wa kurudi, ndani hubaki wazi kwa makasha. Mwindaji mwenye gari dogo akikumbuka mpango huo mmoja, kwamba kinachopanda juu ni kambi na kinachoingia ndani ni nyama, hahitaji kununua kitu kingine chochote kwa ajili ya kulungu, wala kwa elki jike.

Kichanja cha nyuma

Kichanja cha chuma kinachochomekwa kwenye pokeo la kuvutia tela kinauzwa sana, na kwa gari kubwa ni kifaa kizuri. Gari dogo, likifungwa pokeo, kwa kawaida hupata lile la daraja la kwanza, lenye tundu la inchi moja na robo, ambalo huruhusiwa kubeba kilo kama 90 moja kwa moja juu yake, na wakati mwingine mtengenezaji wa gari huruhusu chini ya hapo. Kichanja chenyewe kina kilo 20 au zaidi. Zinabaki kilo 70, ambazo zinamtosha kulungu na hazimtoshi elki.

Ubaya mkubwa uko kwenye mahali zinapokaa. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma hulikandamiza gari nyuma na kulinyanyua mbele, na kwa kuwa magari haya karibu yote huvutwa na magurudumu ya mbele, yanayopungukiwa uzito ni yale yale yanayovuta na kugeuza, jambo baya kwenye mteremko wenye theluji. Ekzosi hupuliza moto chini ya kichanja, matope huruka, na taa pamoja na namba ya gari huzibwa. Kwa kulungu mmoja ndani ya kasha lililofungwa vizuri sina ugomvi nacho. Kwa mtu anayefikiria elki, fedha ya kichanja ingenunua makasha mawili na kisu kizuri cha kutolea mifupa.

Tela

Hapa jibu hutegemea gari kuliko mtu. Nchini Marekani Toyota haipendekezi kuvuta tela kwa Corolla ya sedani, na mwenye gari la namna hiyo hana haja ya kusoma zaidi, hata akimwona mtu barabarani akifanya hivyo. Magari madogo ya mtindo wa jipu ni suala jingine: Subaru Forester kwa kawaida huruhusiwa kuvuta kilo 680, na Toyota RAV4 ya kawaida kiasi hicho hicho. Tela dogo la wazi lina kilo 180 hadi 260, hivyo bado kuna nafasi ya zaidi ya kilo 400.

Nafasi hiyo ina maana kwa wawindaji wawili wenye tagi mbili za elki, na zaidi sana kwa musi. Huko Maine, jimbo la kaskazini-mashariki ambako miji ya Portland na Lewiston pia ina wazungumzaji wengi wa Kiswahili, kibali cha musi hupatikana kwa bahati nasibu, na anayekipata anaweza kuangusha dume ambaye hata baada ya kutolewa matumbo ana kilo 320 hadi 400. Hakuna mpango wa makasha ndani ya sedani utakaomaliza nyama hiyo kwa safari moja. Alaska nako, katika maeneo mengi, kanuni hutaka nyama ya musi ibaki kwenye mifupa yake mpaka itoke porini, kwa hiyo njia ya steki haipo hata kwa anayeitaka.

Anayechukua tela apange mzigo ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye kichwa cha kuunganishia. Pungufu ya hapo tela huanza kucheza kulia na kushoto katika mwendo. Magurudumu yake madogo huzunguka mara nyingi zaidi, kwa hiyo bearing zipakwe grisi kabla ya msimu na spea ya tela ichukuliwe, kwa kuwa ya gari haiingii. Tela lisilo na breki hulisukuma gari kwenye mteremko wa barafu, na dereva asiyewahi kurudi nyuma na tela ajifunzie kwenye uwanja mtupu, si kwenye njia ya msituni yenye mtaro pande zote mbili.

Bucha ya mji wa karibu

Njia ya tano ni kutoipeleka nyama nyumbani siku hiyo. Miji midogo iliyo karibu na mapori ya uwindaji huwa na bucha zinazopokea wanyama wa msimu, kuwatundika kwenye chumba cha baridi, kuwakata, kufunga na kugandisha, na mwenye mali hurudi baada ya siku kadhaa kuchukua vifurushi vikavu vinavyoingia kwenye gari lolote. Kwa mtu aliyemwangusha elki siku yenye joto, akiwa peke yake, umbali wa saa tano kutoka nyumbani, hii ni salama kuliko zote zilizotajwa. Gharama yake ni malipo ya kukata, ambayo hupigwa kwa pauni, na mafuta ya safari ya pili.

Mambo ya kuuliza ni machache, lakini yaulizwe kwa simu kabla ya msimu: kama wanapokea vipande vyenye mifupa au mnyama mzima tu, kama uzito unaolipiwa ni ule wa kuingia au wa kutoka, kama kila mteja hurudishiwa nyama ya mnyama wake mwenyewe, na siku zipi wamejaa. Waislamu wana swali la ziada. Soseji na nyama ya kusaga ya kulungu, kwa kuwa haina mafuta, mara nyingi huchanganywa na mafuta ya nguruwe, na mashine ni hizo hizo. Asiyetaka hivyo aagize vipande vizima tu, aandikishe sharti hilo kwenye fomu ya mapokezi, na nyama ya kusaga aitengeneze mwenyewe nyumbani.